Damu Isiyouma

Miaka ya karibuni kambi za kupima tezi dume zimekuwa jambo la kawaida Moshi na Arusha. Gari la matangazo linapita Majengo na Pasua, au Kwa Mrombo na Ngaramtoni, likiwaita wanaume wa miaka 40 na kuendelea wajitokeze kupimwa bure. Siku ikifika wazee wanapanga foleni tangu alfajiri, wanatolewa damu mkononi, wanapewa majibu, wanarudi nyumbani. Wengi wanaona kambi hizi ni dalili kwamba saratani za njia ya mkojo sasa zimepatiwa dawa, na kilichobaki ni kuongeza kambi na kuwatoa wanaume aibu. Nadhani tunaisoma vibaya hali hii. Kipimo kile cha damu kinachunguza kiungo kimoja tu, ambacho wanawake hawana kabisa, na hakisemi lolote kuhusu kibofu wala figo. Dalili ya kutufikisha mapema kwenye saratani ya kibofu, na mara nyingi ya figo pia, ni nyingine, na mgonjwa anaiona mwenyewe chooni: mkojo wenye damu. Hapa kwetu dalili hiyo ikitokea inapewa jina moja, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na jina hilo ndilo linalotuchelewesha kuliko aibu ya wanaume.

Sipingi kambi. Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania, na wengi wanafika hospitali mifupa ya mgongo imeshaanza kuuma, maana yake imekwishasambaa. Mzee anayekubali kutoa damu leo, wakati miaka kumi iliyopita asingekubali hata kulizungumzia jambo hilo mbele ya wanawe, amepiga hatua. Lakini tuelewe anachopimwa. Kinachotafutwa kwenye damu ile ni PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Inapanda kwa saratani, na inapanda pia tezi ikiwa imevimba kwa uzee tu, ikiwa na maambukizi, au mzee akiwa ametoka kuwekewa mpira wa mkojo. Wapo wenye saratani ambao PSA yao haikupanda. Ndiyo maana hata Marekani, walikopima wanaume kwa mamilioni, jopo lao la ushauri wa kinga lilishauri upimaji wa jumla usifanyike mwaka 2012, kisha mwaka 2018 likasema wanaume wa miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mzee mwingine, anayekojoa damu, anayekwenda kambini akiamini kwamba ndiko mahali pake, anapata PSA chini ya 4, anaambiwa yuko sawa. Anarudi nyumbani na karatasi ya kumtuliza, na uvimbe kwenye kibofu ambao hakuna aliyeutafuta.

Saratani ya kibofu ina tabia moja inayowahadaa wagonjwa na matabibu kwa pamoja. Damu inatoka bila maumivu, siku moja au mbili, halafu inakatika yenyewe. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi, au kama maji yaliyooshea nyama, pengine na mabonge madogo, kisha wiki nzima unarudi kuwa safi. Ukipewa dawa yoyote katika siku hizo, iwe antibayotiki au mizizi ya kuchemsha, utaamini imekuponya, kwa sababu damu imekatika. Inarudi baada ya miezi miwili. Dawa inabadilishwa, inakatika tena. Figo nayo inaweza kutoa damu kwa mtindo huohuo, ingawa uvimbe mwingi wa figo siku hizi unaonekana kwa bahati, mtu akipigwa utrasaundi ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa. Zile dalili tatu za vitabuni, yaani damu, maumivu ya ubavuni na uvimbe unaoshikika kwa mkono, zikikutana kwa mtu mmoja basi ugonjwa umekwenda mbali. Kwa watoto wadogo hali ni tofauti. Saratani ya figo iitwayo Wilms mara nyingi inagunduliwa na mama anayemwogesha mtoto, mkono wake unapokuta kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Mama huyo asiambiwe kwamba ni minyoo au bandama, na tumbo hilo lisikandwe wala kubonyezwa ovyo. Katika nchi zenye huduma kamili zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wanapona, kwa upasuaji na dawa ambazo zimekuwepo kwa miongo mingi.

Nitatoa mfano mmoja wa nyumbani, kisha nirudi kwenye hoja. Shangazi yangu, mkulima wa mpunga ukanda wa chini wa Moshi, alikuwa na daftari la matibabu kama walilonalo wagonjwa wetu wengi, lile la kurasa 48 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Niliposhika daftari lile nilihesabu kurasa tano, katika muda wa miezi kumi na moja, zenye neno UTI. Miandiko ilikuwa mitano tofauti. Ukurasa mmoja antibayotiki ya siprofloksasini, mwingine sindano za jenta, wa nne umeandikwa "UTI sugu" na kupigiwa mstari. Hakuna aliyekuwa amefunua ukurasa wa nyuma yake. Shangazi anasimulia kwamba mara ya tatu alimwambia kijana aliyekuwa zamu, "Mwanangu, lakini hainiumi wala hainichomi, ni damu tu." Akajibiwa, "Bibi, hiyo ni UTI, meza dawa umalize dozi." Aliyasema maneno ambayo yangetosha kubadilisha safari yake. Maambukizi ya kibofu kwa kawaida yanachoma, yanakufanya ukimbilie choo kila mara na kutoa matone. Damu ya kuonekana kwa macho bila kuchoma, kwa mama wa miaka 58, ni habari nyingine kabisa.

Wanaotetea utaratibu uliopo wana hoja nzito, na naiheshimu. Tabibu wa zahanati anaona watu wengi kwa siku. Ana kijiti cha kupimia mkojo, pengine hadubini, na kabati la dawa. Wengi wanaokuja wakilalamikia mkojo kweli wana maambukizi, hasa wanawake, na wengi wao wanapona kwa dawa anazowapa. Hata miongoni mwa wanaokojoa damu ya kuonekana, wasio na saratani ndio wengi: tafiti za Ulaya zimekuwa zikikuta saratani kwa takriban mtu mmoja hadi wawili kati ya kila kumi. Wengine wana mawe, tezi iliyovimba, kifua kikuu cha figo. Wapo hata wasio na damu yoyote, wanaotumia rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ambayo hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa iliyokolea. Jirani wa hospitali ya Kibong'oto pale Siha, inayotibu kifua kikuu, atakuambia jambo hilo bila kuwa daktari. Kumpeleka kila mmoja kwa bingwa kungeziba foleni za rufaa na kuwamaliza watu nauli. Haya yote ni kweli. Lakini hoja hii inathibitisha tu kwamba tabibu hawezi kupeleka wote. Haithibitishi kwamba ampe mtu yuleyule dawa ya ugonjwa uleule mara tano bila kuotesha mkojo hata mara moja. Mkojo ukioteshwa na bakteria wakakosekana, jina la UTI limekufa hapo hapo, na lazima kitafutwe kitu kingine. Usaha ukiwepo na bakteria wa kawaida wasiote, mtu afikirie kifua kikuu. Damu ikiwepo peke yake, mtu afikirie uvimbe. "UTI sugu" kwa mgonjwa ambaye hakuoteshwa mkojo ni kukiri kwamba dawa haikufanya kazi, kisha kuandika dawa nyingine.

Hapa panaingia kichocho, na hapa ndipo kanda yetu inapotakiwa kufikiri kwa kichwa chake badala ya kunakili. Vimelea vya kichocho cha mkojo vinataga mayai kwenye ukuta wa kibofu. Mwili unapambana nayo miaka na miaka, ukuta unakakamaa, na baadhi ya seli zinageuka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vimelea hivi kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani tangu mwaka 1994. Misri walilipa gharama kubwa kwa hili: kwa vizazi vingi saratani ya kibofu ilikuwa janga la wakulima wa bonde la Nile, na idadi ya aina ile inayotokana na kichocho imeshuka baada ya kichocho chenyewe kudhibitiwa. Sisi tuna Pwani, Zanzibar na Kanda ya Ziwa zenye kichocho cha mkojo kingi. Kwenye mashamba ya umwagiliaji ya huku chini ya Moshi kilichoandikwa zaidi ni kile cha tumbo, ambacho hakihesabiwi kuwa kisababishi cha saratani ya kibofu. Watu lakini hawakai mahali pamoja. Dereva wa lori aliyepo Arusha leo amekulia Shinyanga akiogelea kwenye malambo. Muuza nguo wa soko la Kilombero, hapohapo Arusha, ametoka Simiyu. Tabibu akiuliza "umekulia wapi, na ulipokuwa mdogo uliwahi kukojoa damu?" amepata taarifa ambayo mashine yoyote haiwezi kumpa. Jibu likiwa ndiyo, kumpa prazikwanteli kunaua minyoo iliyopo, na ni vizuri, lakini hakufuti miaka thelathini ya makovu kwenye kibofu. Dawa hizo tunazigawa mashuleni kwa watoto. Mtu mzima mwenye makovu haya hayumo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Ndiyo maana sipendi kuona umri wa rufaa ukichukuliwa kama ulivyo kutoka kwa wengine. Uingereza wameandika kwamba mtu wa miaka 45 na kuendelea akikojoa damu ya kuonekana, na maambukizi hayakukutwa, au yametibiwa na damu ikabaki au ikarudi, apelekwe haraka kuchunguzwa saratani. Ni sheria nzuri, fupi, inaweza kubandikwa ukutani. Ila kule saratani ya kibofu ni ugonjwa wa wazee wavutaji wa sigara. Karibu nusu ya wagonjwa wao wanatokana na tumbaku. Saratani inayofuata kichocho inawahi zaidi, inawakuta watu katikati ya umri wa kulea watoto. Kwetu, damu ya kuonekana iliyorudi mara ya pili kwa mtu mzima yeyote, hasa aliyekulia ukanda wa kichocho au anayevuta sigara, ingetosha kuandikiwa barua ya rufaa. Mara ya pili, wala si ya tano.

Ipo hoja nyingine ambayo nimeisikia kwenye semina, kwenye redio, hata kwa watu wa afya wenyewe: wagonjwa wetu wanachelewa kwa sababu hawajui, wanapenda waganga, hawajali miili yao. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inaumiza kwa sababu inamtupia mgonjwa mzigo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Masapila. Barabara ilikuwa mbovu, foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, wengine walilala njiani siku kadhaa na wagonjwa mahututi kwenye viti vya nyuma, ili wanywe kikombe cha dawa yake ya mitishamba kwa shilingi 500. Sizungumzii dawa ile hapa. Nazungumzia watu waliosafiri. Waliuza mbuzi, waliacha mashamba, waliwabeba wazee wao. Watu wa namna hiyo huwezi kusema hawajali afya zao. Walipewa maelekezo yanayoeleweka: nenda mahali fulani, gharama ni kiasi fulani, zamu yako ikifika utahudumiwa. Mfumo wetu wa rufaa haujawahi kumwambia mtu mwenye damu kwenye mkojo maneno yaliyo wazi kiasi hicho. Shangazi yangu alikwenda kituoni mara tano ndani ya miezi kumi na moja. Aliyechelewa katika hadithi ile ni nani?

Nani basi anamaliza safari hiyo vizuri, na safari yenyewe ikoje? Wengi wanaiogopa kwa sababu hawajaelezwa. Kipimo kinachoamua ni kamera ndogo inayopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi ndani ya kibofu, sistoskopi, chombo ambacho Mjerumani Maximilian Nitze alikionyesha mara ya kwanza mwaka 1877. Utrasaundi inasaidia, inaweza kuonyesha figo na uvimbe mkubwa, lakini uvimbe mdogo au ule uliolala bapa ukutani unaipita. Bingwa akiuona uvimbe anaukwangua kupitia njia hiyohiyo bila kupasua tumbo, na vipande vinakwenda kwa mpatholojia, daktari anayechunguza nyama kwa hadubini. Nyama ya msuli wa kibofu lazima iwemo ndani ya kinyama kile, kwa sababu swali zima la matibabu ni hili: je, saratani imeingia kwenye msuli au bado? Kama bado, kibofu kinabaki. Kama imeingia, mara nyingi kibofu kizima kinaondolewa na kipande cha utumbo kinatumika kutengeneza njia mpya ya mkojo, wengine wakitoka na mfuko wa mkojo tumboni, au mgonjwa anapewa mionzi pamoja na dawa za kemo. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni maisha ya mtu na uchumi wa nyumba yake. Ulaya na Marekani takriban robo tatu ya wagonjwa wanagunduliwa kabla ya msuli kuguswa. Saratani ya figo ina mgawanyo kama huo: uvimbe mdogo unaweza kukatwa na figo ikabaki, mkubwa unaondoka na figo nzima.

Kwa hiyo wanaosema "saratani haina dawa, ya nini kujitafutia presha" wanakosea, na nina mfano ulio begani kwa karibu kila Mtanzania anayesoma hapa. Kovu lile dogo la chanjo ya kifua kikuu, BCG. Mwaka 1976 Alvaro Morales na wenzake huko Kanada walieleza jinsi walivyoweka BCG moja kwa moja ndani ya kibofu cha wagonjwa wenye saratani ya juujuu, mara moja kwa wiki kwa wiki sita, na saratani ikapungua kurudi. Hadi leo hiyo ni mojawapo ya tiba kuu kwa saratani ya aina ile ambayo haijaingia kwenye msuli lakini ina hatari kubwa ya kurudi. Haifanyi kazi kwa kila aina. Ile ya kichocho inahitaji upasuaji zaidi. Lakini inatuonyesha kwamba kuwahi kuna faida inayoonekana.

Kanda ya kaskazini haiko mikono mitupu. KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi iliyofunguliwa 1971, ina taasisi ya urolojia ambayo kwa miongo imefundisha mabingwa wa mfumo wa mkojo wanaofanya kazi ndani na nje ya Tanzania. Sehemu kubwa ya ujuzi unaohitajika iko umbali wa daladala moja kutoka Pasua. Hilo ndilo linalonifanya nisikubali mjadala huu kuwa wa mashine peke yake. Tunakosa kiungo kati ya daftari na kamera. Kiungo hicho kinahitaji tabibu anayefunua kurasa za nyuma, maabara ya wilaya inayoweza kuotesha mkojo, na bango la mistari mitatu kwenye duka la dawa muhimu linalomwambia muuzaji asiuze antibayotiki kwa mtu anayekojoa damu kabla hajapimwa. Duka la dawa ndilo kituo cha kwanza cha wengi wetu, tukubali tusikubali.

Na wanawake. Tafiti za Ulaya na Marekani zimeonyesha kwamba mwanamke mwenye damu kwenye mkojo anachukua muda mrefu zaidi kuliko mwanaume kabla ya kupelekwa kwa bingwa, kwa sababu anatibiwa maambukizi kwanza, tena na tena. Hapa kwetu kuna utata mwingine juu yake: mama aliyekoma hedhi anaona damu kwenye nguo na hajui imetoka njia ipi. Inaweza kuwa ya kibofu, inaweza kuwa ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wetu. Zote mbili zinataka kuangaliwa, na kwanza zinataka mtu amuulize kwa upole, mahali pa faragha, bila foleni nzima kusikia. Kambi inayotangaza "wanaume jitokezeni" haimwiti mama huyu. Kambi zijazo zingeweza kuwa na meza moja zaidi yenye swali moja kwa yeyote, mwanaume au mwanamke: umewahi kuona damu kwenye mkojo mwaka huu? Anayejibu ndiyo apewe barua ya rufaa siku hiyohiyo, PSA yake iwe imesema nini.

Kuna la mwisho linalowahusu wanaopanga utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Saratani ya kibofu ya juujuu ina tabia ya kurudi. Mgonjwa aliyekwanguliwa anatakiwa kuangaliwa tena kwa kamera baada ya miezi mitatu, kisha kwa vipindi, kwa miaka. Mfuko wa bima unaolipia upasuaji mmoja na kuishia hapo utakuwa umelipa gharama kubwa na kuacha ile ndogo inayolinda faida yake. Shangazi yangu alikuwa na bahati, uvimbe wake haukuwa umegusa msuli. Siku ya kamera anaamka saa kumi alfajiri, anafunga daftari lile ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe, na kabla hajapanda gari anahesabu mara mbili fedha za kipimo, kwa sababu zikipungua atarudishwa na miezi mitatu itageuka kuwa sita.